Mbwa wa Hedley, Siku za Gwenda

Ukimuuliza Hedley Sutcliffe mwenyewe, atakwambia yeye si mtu wa wivu. Atakwambia hivyo huku amekutolea macho na shingo ameitunisha, utadhani umekuja kumnyang'anya kitu. Sisi tunaokaa naye hapa Ellershaw tulimwona kiangazi kile akimvizia mbwa wake mwenyewe kutoka nyuma ya kichaka cha miiba. Tunajua letu. Tunanyamaza tu kwa kuheshimu mvi.

Alizaliwa kwenye ile safu ya nyumba za mawe kando ya mfereji, nyumba ya tatu kutoka darajani, na humo ndimo anamokaa mpaka leo. Ujanani mwake mfereji ulikuwa umekufa. Mashua za makaa ya mawe zilikuwa zimekoma zamani, watu walitupa humo magodoro na matairi, na ile njia ya kando, ambayo farasi waliipita miaka nenda miaka rudi wakivuta mashua kwa kamba, ilikuwa imemezwa na miiba. Hedley na wenzake kumi na wawili ndio walioufufua. Siku tano za juma alikuwa kiwandani akitia rangi vitambaa, mikono imekuwa ya buluu hadi viwikoni, na Jumamosi alishika koleo akaingia matopeni. Walichimba miaka kumi na minne. Katika miaka hiyo wachumba wawili walimwacha, na wa pili hakumumunya maneno: "Basi oa huo mfereji wako, Hedley, maana mimi nimechoka kunuka tope." Mfereji hauolewi, na yeye hakuoa mtu mwingine.

Kiwanda kilipofungwa na yeye akastaafu, akawa mtu wa malango, kazi ya kujitolea, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kazi yenyewe haina makuu. Mfereji wetu unapanda kilima kwa ngazi, na kila ngazi ni chumba cha mawe chenye lango la mbao juu na lango la mbao chini. Mashua inaingia chumbani, unafunga, unazungusha hendeli ya chuma kuinua vidirisha vya lango la chini, kimoja upande huu na kimoja ng'ambo, maji yanatoka, mashua inashuka. Ikishatoka unashusha vidirisha. Hapo ndipo penye kazi. Ukisahau kimoja, na lango la juu ni bovu linavuja kama lile la ngazi ya kumi na nne, maji yote ya kipande cha mfereji kilicho juu yake yataondoka, na wanaoishi kwenye mashua huko wataamka wamekaa juu ya tope. Hedley hakuwahi kusahau kidirisha tangu maji yarudi. Waliosahau aliwajua wote kwa majina, na aliwataja hata mazishini kwao.

Halafu ndiye huyo Tansy. Ni mbwa jike wa mbio, mwembamba, rangi ya jivu, miguu kama sindano za kufumia. Mwenyewe wa kwanza alimtoa bure kwa sababu katikati ya mashindano alisimama kumtazama shomoro. Hedley alipomchukua alikuwa na miaka sitini na saba na alikuwa hajawahi kufungua mlango wa nyumba yake akakuta mtu amefurahi. Kila asubuhi saa moja walishuka mferejini wawili, wakaenda hadi ngazi ya kumi na nne, na siku za zamu Tansy alilala chini ya boriti ya lango hadi kazi iishe. Miaka mitano ilipita hivyo. Hedley hakuomba zaidi.

Goti ndilo lililomponza. Mwezi wa kwanza daktari alimbadilishia goti la kulia akampiga marufuku kutembeza mbwa wiki nane, na jirani yake wa ukuta mmoja, Gwenda Barraclough, akajitokeza mlangoni kabla hajaombwa. Gwenda ni mjane wa marehemu Norman. Alikuwa mpishi mkuu jikoni mwa shule, na sauti yake mpaka leo ni ya kuita watoto mia tatu.

"We Hedley, huyu asubuhi nimpe nini?"

"Hapewi kitu. Anakula jioni."

"Jioni tu? Na wewe unakula jioni tu?"

"Mimi si mbwa, Gwenda."

"Haya, hilo sitii neno."

Hedley alicheka siku ile. Hakucheka tena kwa muda mrefu. Wiki ya pili Tansy alirudi ananuka nyama ya kukaanga. Wiki ya nne alirudi amevaa koti jekundu la kufumwa lenye kifungo chini ya tumbo, mbwa ambaye baba yake na mama yake walizaliwa na manyoya. Na wiki ya nane, goti limepona, Hedley akiwa ameshapiga viatu vyake rangi kwa furaha, Tansy alitoka mlangoni, akakata kushoto, akaenda kukaa mbele ya mlango wa Gwenda. Hedley alibaki na mkanda mkononi kama mtu aliyeachwa na gari.

Malango yalipofunguliwa kwa msimu, Gwenda alimjia na hoja. Mbwa gani huyu wa kukaa kutwa chini ya boriti? Siku za zamu amwachie yeye, atembee mbali, anyooshe miguu. Hedley angesemaje? Mwanamke amemtembezea mbwa wiki nane, amempikia na supu. Alikubali kwa mdomo. Rohoni alikuwa kama aliyemeza mfupa.

Kuanzia hapo wivu ulimkaa. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alisimama langoni akijitia kuangalia maji, kumbe anangoja lile koti jekundu litokeze kwenye kona ya njia. Lilipotokeza alikasirika. Lilipochelewa alikasirika zaidi. Siku moja mtu wa mashua, mgeni, alimwona Tansy akaita, "A, mbwa wa Gwenda huyo!" Kisha akamgeukia Hedley kwa adabu zote. "Na wewe mzee ndiwe mumewe?"

"Mume wa nani? Mbwa ni wangu!"

"Samahani, mzee. Mbona anamfuata yeye?"

Swali hilo ndilo lililomchoma Hedley. Mwezi wa sita mambo yakazidi. Thelma Crabtree, kiongozi wetu wa watu wa malango, aliyeendesha basi miaka ishirini na sita na bado anatuamrisha kama abiria waliogoma kushuka, alimpa Gwenda hendeli awe anajifunza kazi. "Kila siku anapita hapa," alisema, "afadhali apite na faida." Hedley alijiona amevamiwa pande zote. Mbwa amechukuliwa, sasa na lango linataka kuchukuliwa. Ndiyo, kijiba cha roho hicho, wala sina haja ya kukipaka sukari.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba, saa kumi jioni, ilikuja mashua ya mwisho ikiteremka. Hedley alikuwa ng'ambo. Gwenda, aliyekuwa akipita, alisimama upande wa njia akatoa hendeli yake kusaidia. Tansy akajilaza juu ya buti za Gwenda, kidevu juu ya vidole, akafumba macho.

"Tansy," Hedley aliita. "Njoo, mama. Njoo huku."

Tansy alifungua jicho moja. Akapiga mkia chini mara mbili, kwa adabu kabisa, akalifumba jicho lake.

"Amechoka huyo," Gwenda alisema. "Tumefika mpaka daraja la mawe leo."

Hedley aliinua kidirisha chake. Maji yakaenda, mashua ikatoka, wakasukuma malango wakafunga. Gwenda alishusha kidirisha cha upande wake, akampigia Tansy mluzi, wakaondoka wawili kwenye njia, koti jekundu mbele, makalio ya Gwenda nyuma. Hedley alivuka daraja akawafuata kichakani, goti jipya likilalamika. Alitaka kitu kimoja tu, Tansy ageuke nyuma kumtafuta. Aliwafuata hadi barabarani. Tansy hakugeuka. Hedley alirudi nyumbani kwa njia ya juu, akanywa supu ya kopo bila kuipasha moto.

Asubuhi kulikuwa na kelele. Kipande cha juu cha ngazi ya kumi na nne kilikuwa kitupu, tope tupu jeusi linalong'aa, na bata wakitembea kwa miguu pale walipozoea kuogelea, nyuso zao zimekunjamana. Mashua mbili zilikuwa zimelala ubavu. Juu ya moja alisimama mwanamume mwenye nguo za kulalia, amekumbatia birika. "Nimeanguka kutoka kitandani nikaangukia kwenye sinki!" aliwaambia waliokuwa darajani. "Naomba mtu aniambie nani kafanya haya, nimpelekee vipande vya sahani zangu avihesabu!"

Thelma alikuwa tayari amefika, na sisi watu wa malango tumemzunguka. "Kidirisha cha ng'ambo ndicho kilichokutwa juu," alisema. "Jana jioni mlikuwa wawili. Nani alikuwa ng'ambo?"

Mpaka leo Hedley anaapa kwamba alikuwa anafungua mdomo. Lakini mdomo ulichelewa, na katika kuchelewa huko watu wote, wala hawakuwa na ubaya, walimgeukia mwanafunzi.

"Mimi," alisema Gwenda.

Thelma alivuta pumzi. "Hendeli, Gwenda. Utakaa pembeni kwanza."

Gwenda aliitoa mfukoni akaikabidhi. Hedley alitazama viatu vyake. Kwanza aliona haya, hadi masikio yakawaka. Halafu, na hili alikuja kulikiri mwenyewe baadaye, akaona furaha. Bibi huyu hata hajui alisimama upande gani! Sasa atatahayari. Ataacha kupita hapa na koti lake jekundu, na Tansy atalala tena chini ya boriti. Alikwenda nyumbani akalala usingizi mzuri, na hilo ndilo tunalomlaumia kuliko kidirisha chenyewe.

Jumamosi, saa moja kamili, Gwenda alibisha hodi. "Nimemfuata bibi mwembamba," alisema, na Tansy akaruka kama aliyefunguliwa pingu.

Gwenda hakutahayari hata chembe. Alipita langoni kichwa juu kila siku yake, watu wakimtania. "Gwenda, leo umetuachia hata maji ya chai?" Naye alijibu, "Ya chai yapo, ya kukuosha wewe ndiyo hayatoshi." Yule bwana wa birika alimwalika mashuani kunywa kahawa. Na hapo pakaanza jambo ambalo Hedley hakulitarajia kabisa. Watu wakaanza kumsifu. Mwanamke mkweli huyo, walisema. Hakutafuta visingizio, alisema mimi, basi. Wangapi wangeweza? Hedley aliyasikia darajani, akayasikia kwa muuza magazeti, akayasikia kanisani kwa mchungaji, bila kutajwa jina lakini kila mtu anajua ni nani. Kila sifa ilikuwa ya kosa lake yeye. Kosa lake, amelifanya kwa mikono yake mwenyewe, na mwingine anapigiwa makofi kwalo.

Wiki ya tatu Thelma alituita Jumamosi alasiri kwenye kibanda cha kuhifadhia vyombo. Alikuwa amepika keki ya shayiri na tangawizi, na katikati ya meza aliweka hendeli ya Gwenda, ameisugua inang'aa. Gwenda mwenyewe alikaa mlangoni, Tansy miguuni pake.

"Nimefundisha watu kazi hii miaka mingi," Thelma alisema. "Wapo humu waliosahau vidirisha wakasema ni upepo. Huyu alisema ni yeye, mara moja, mbele ya watu. Mtu wa namna hiyo namtaka langoni. Mnampigia makofi au mpaka nipige honi?"

Tulipiga makofi. Tansy alipiga mkia. Mkia ule ndio uliomtoa Hedley kitini.

"Uongo!" alipiga kelele. "Hakusahau yeye! Ng'ambo nilikuwa mimi! Kidirisha ni changu!"

Mtu mmoja alikuwa na keki mdomoni akaogopa kuitafuna.

"Rudia," alisema Thelma.

"Nilikisahau mimi. Yeye cha kwake alikishusha, nilimwona. Sifa hizo hana haki nazo."

Ndivyo alivyosema, jamani, *sifa*. Wengine hukiri kwa kuumwa na dhamiri. Hedley Sutcliffe alikiri kwa kuona wivu wa kusifiwa kwa kosa. Thelma alinyoosha mkono, na sote tulijua kanuni. Anayesahau anakaa pembeni. Anayeficha hashiki hendeli mpaka msimu ujao. Hedley aliitoa ile ya kwake, yenye alama ya kidole gumba iliyolika kwa miaka, akaiweka mkononi mwa Thelma, akatoka nje. Alijua Gwenda angemfuata, na njiani alikuwa anajiandaa kupokea shukrani.

"Mpumbavu wee!" Gwenda alimfokea kabla hajafika kwenye njia. "Nani alikutuma useme?"

"Nimekusafisha jina!"

"Nilikuomba unisafishe? Mimi nguo?"

"Lakini hukuwa wewe! Ulikuwa upande wa njia!"

"Kwani mimi sijui niliposimama? Nimepika mayai ya watoto mia tatu bila kukosea hesabu, nishindwe kujua nimesimama upande gani wa lango? Thelma aliposema ng'ambo nilijua ni wewe, hata kabla hajafunga mdomo."

Hedley alisimama. "Sasa kwa nini ukasema ni wewe?"

Gwenda aliangalia maji. Sauti ya watoto mia tatu ilikuwa imemwishia, akaongea chini kwa chini, kama mtu asiyeizoea sauti hiyo.

"Wakikunyang'anya hendeli utakaa nyumbani siku zote saba. Ukikaa nyumbani siku saba, mimi namtembeza nani? Hendeli ile nilikuwa nayo wiki sita, sina uchungu nayo. Huyu nina uchungu naye."

"Gwenda, ungeniambia..."

"Nikwambie nini? Kila jioni unakuja kumchukua, unafunga mlango, halafu mnaanza. Unamsomea gazeti, Hedley. Unamsomea hadi matokeo ya kriketi, na yeye anakupigia mkia sakafuni. Ukuta ni mwembamba. Mimi nakaa upande wa pili na chai yangu nasikiliza, na roho inaniuma mpaka naona aibu. Tangu Norman afe hakuna aliyenisomea hata bei ya mayai."

Miezi yote ile Hedley alikuwa amejiona ameibiwa. Haikumpitia kichwani hata siku moja kwamba upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mtu anayemwonea yeye wivu. Gwenda aliinama, akafungua kifungo cha lile koti jekundu, akamvua Tansy, akaliviringa chini ya kwapa. Kisha akampa Hedley mkanda.

"Haya, siku saba zote zako. Si ndizo ulizokuwa unazitaka?"

Ndizo alizokuwa anazitaka. Jumapili alimtembeza Tansy peke yake, Jumatatu peke yake, hadi daraja la mawe na kurudi, na hakuna aliyemwita mbwa wa mtu mwingine. Tansy alikwenda vizuri, mkanda umelegea, wala hakulalamika. Jioni Hedley alifungua gazeti akakohoa. Alisoma mistari miwili, akasikiliza ukutani, akalikunja.

Jumanne asubuhi walifika ngazi ya kumi na nne. Mashua ilikuwa chumbani inashuka, na Gwenda alikuwa peke yake, hendeli yake inayong'aa mkononi, uso umemwiva kwa kazi. Hedley alikaa kwenye benchi kama mpita njia yeyote, mikono ameikalia ili isiguse kitu. Mashua ilitoka. Gwenda alishusha kidirisha cha upande wa njia, akapanda kile kibao chembamba kilicho juu ya lango avuke kwenda ng'ambo. Hakuwasalimu.

Tansy alisimama. Hakuvuta mkanda. Alimtazama Gwenda, akamtazama Hedley, akamtazama tena Gwenda aliyekuwa anafika katikati ya lango, na mwili wote mwembamba ukawa unatetemeka kuanzia mabegani hadi mkiani. Hedley aliona kwamba angeweza kukaa hivyo tu. Mbwa asingekwenda. Mbwa ni wake, na asingekwenda bila ruhusa.

Alimfungulia mkanda.

"Nenda naye," alimwambia.

Roho ilimuuma palepale alipojua itamuuma, wala si kidogo. Tansy alivuka kibao kwa zile sindano zake za miguu bila kugeuka nyuma, akamkuta Gwenda ameinama juu ya kidirisha, akamgusa mkono kwa pua. Gwenda aliruka kwa mshtuko. Kisha alinyanyua uso akamtafuta Hedley upande wa pili wa maji, macho yakiuliza kama mbwa ametoroka au ameachiwa.

Hedley aliuonyesha mkanda mtupu, akaitikia kwa kichwa.